Aliyetangulia Kwenye Mwano

Mtu akikuambia kwamba kusoma hadithi za watu wa mbali hakuna madhara, mwulize kama aliwahi kuzisoma akiwa na miaka thelathini na tisa, darasani pamoja na vijana waliozaliwa yeye akiwa kidato cha tatu. Juliana alikuja Shinyanga kutafuta shahada. Alikuwa amefundisha shule ya msingi ya kijiji cha Bunyagole, upande wa Segese, kwa miaka kumi na sita, na alipopewa ruhusa ya masomo alichagua Kiingereza kwa sababu moja tu, kwamba walimu wake ni wachache na hawahamishwi hovyo hovyo. Hakujua kwamba ndani ya Kiingereza kuna Wamarekani. Akawakuta muhula wa pili wa mwaka wa kwanza, kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, katika kozi iliyoitwa Utangulizi wa Fasihi ya Marekani.

Wiki za mwanzo zilikwenda salama. Walisoma mahubiri ya wahamiaji waliovuka bahari wakidhani Mungu amewapa nchi ya watu wengine, wakasoma masimulizi ya watumwa waliotoroka, wakasoma mashairi ambayo Juliana aliyakariri kama alivyokariri sala za kipaimara utotoni, bila kuyaelewa na bila kuyachukia. Vijana walimwita Madam. Walimwachia kiti cha mbele karibu na feni, na waliposhindwa kwenda na kasi ya mhadhara waliazima daftari lake, maana mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza unasomeka hata gizani. Alikuwa na furaha, tusimsingizie.

Wiki ya sita mhadhiri wao, Dk. Bhoke, mama wa Kikurya asiyecheka bila sababu, aligawa hadithi fupi ya kurasa sita. Ilihusu mjane wa Kizungu katika mji mdogo wa kusini mwa Marekani, anayeishi kwa kufulia watu nguo. Mchana mmoja wanaume wa mji wanakuja uani kwake kwa adabu, kofia mkononi, kumwomba kamba yake ya kuanikia. Wamemtoa kijana mweusi mahabusu na hawana kamba. Mjane anaanua mashuka, anayakunja, anawapa kamba. Kesho yake asubuhi anaikuta kizingitini, imeviringwa vizuri. Anaifunga tena kwenye nguzo zake, anaanika. Hadithi inaishia hapo, mwanamke ana kibanio cha nguo mdomoni.

Dk. Bhoke akauliza mwanamke huyu ana kosa gani. Darasa likagawanyika. Kuna waliosema hana, kwa kuwa kamba si kosa. Kuna waliosema analo, na kwamba wao wangekataa, wangepiga kelele, wangekimbilia kwa mchungaji. Mhadhiri akawasikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akasema ameifundisha hadithi hii miaka tisa na bado hajakutana na mwanafunzi ambaye angeitoa kamba, kwa hiyo yeye hushangaa hizo kamba huwa zinatoka wapi.

Juliana hakunyoosha mkono. Karatasi ya hadithi ilikuwa imeanza kumnatia vidoleni.

Ndipo Dk. Bhoke alipotoa kazi. Wawe wawili wawili. Watafute tukio la kundi la watu lililotokea nyumbani kwao, waliandike kama hadithi, kwa Kiswahili wakipenda, kisha walilinganishe na hii kwa Kiingereza na kuliwasilisha mbele ya darasa wiki ya kumi na mbili. "Magazeti yetu huandika 'wananchi wenye hasira kali,'" alisema. "Mimi nataka mwananchi mmoja. Awe na jina, na nijue alishika nini."

Walipotoka, kijana mmoja alimfuata Juliana mpaka kantini. Aliitwa Nestory, mtu wa Chato, mpole, mwenye shati moja zuri alilolifua kila jioni. Alimsalimu shikamoo mara ya pili siku ile ingawa walikwisha kusalimiana asubuhi, akaomba wafanye kazi pamoja. Juliana akamwuliza kwa nini asitafute kijana mwenzake. Nestory akajibu kwamba amesikia Madam anafundisha Bunyagole, na baba yake alifia huko.

Alilieleza jambo hilo bila kuteremsha sauti, kama mtu aliyekwisha kulizoea. Baba yake aliitwa Mwigulu. Alitoka Chato kwenda kuchimba dhahabu Segese, akapanga chumba Bunyagole, na hakumaliza hata mwezi. Habari iliyofika nyumbani kupitia wachimbaji ni kwamba aliiba ng'ombe na wananchi wakamuua. Nestory alikuwa na miaka minane. Ukoo ulimkataza mama yake, Anisia, kuweka matanga, kwa sababu mwizi haliliwi. Shuleni aliitwa mtoto wa mwizi mpaka akaacha kugeuka anapoitwa, na kwenye vyeti akaandikisha jina la babu badala ya la baba. Sasa alikuwa na mchumba, Asteria, binti wa Ushirombo, na wazazi wa binti walikuwa wamesikia. Watu wa Kanisa wale, wakamwambia hawana neno na yeye, lakini damu ya wizi hawaitaki mpaka aioshe.

"Mimi sina hasira nao, Madam," alisema. "Aliyeiba ng'ombe wa mtu ameiba maisha ya nyumba nzima. Nataka tu kujua ng'ombe walikuwa wa nani, niende nikamwombe radhi."

Juliana alikuwa na chai mkononi. Akainywa yote ikiwa ya moto, ikamuunguza koo, akasema atamuulizia.

Hakuhitaji kuuliza. Ng'ombe walikuwa wa Mzee Nkwabi, majike kumi na moja na dume moja.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, saa moja asubuhi, miaka kumi na minne iliyopita. Mwano ulipigwa kutoka nyumbani kwa Nkwabi. Mgeni asiyejua mambo ya Usukumani aelewe kwanza kitu hiki. Yowe la mwano likisikika, kila mwenye miguu hukimbilia linakotoka, mwanamume na mwanamke, na hakuna anayekwenda mikono mitupu. Asiyeitika hutozwa mbuzi, na asipotoa hutengwa: haombwi moto, hapewi maji, akifiwa anazika peke yake. Kila mpangaji aliyefika Bunyagole kufuata dhahabu aliambiwa sheria hiyo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Juliana alikuwa akitwanga, na Edson wake, mtoto wa miezi saba, yuko mgongoni. Akakimbia na mchi. Mumewe, Pantaleo, ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, naye alikuwa ametangulia na filimbi yake. Watu walimiminika kutoka kitongoji cha juu, sitini au sabini, na walipofika kwenye mashamba ya pamba waliona mbele yao mtu wasiyemjua, amejaa vumbi la mashimoni, ana nyundo ya kupasulia mawe mkononi, anakimbia kwa nguvu zake zote. Mtu mmoja akasema ndiye huyo. Hakuna aliyejua baadaye ni nani aliyesema.

Walipomfikia hakuwa hata amejaribu kukwepa. Alisimama kuwangoja, akidhani wanafika kuungana naye. Alisema anaitika mwano. Alisema yeye ni mpangaji wa Mageni, wamuulize Mageni. Juliana aliyasikia maneno hayo yote mawili waziwazi, akiwa hatua nne kutoka kwake, naye aliyaelewa. Lakini Mageni alikuwa mzee mwenye mguu mbovu, bado alikuwa nyuma sana njiani, na pigo la kwanza lilikwisha kupigwa. Baada ya la kwanza ilikuwa desturi kwamba kila aliyefika apige walau mara moja, ili pasiwe na wa kusimama kesho akamtaja mwenzake. Wale waliositasita walitazamwa. Juliana alitazamwa. Akapiga mara moja kwa mchi, begani, na mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia.

Penye wengi pana Mungu, wanasema. Mageni alipofika akichechemea, alimtazama aliyelala pale, akavua kofia, akasema huyu alianza kuishi kwake Jumatatu ya juzi. Saa sita mchana ng'ombe wote kumi na wawili walirudi wenyewe kutoka lamboni. Dume lilikuwa limevunja boma la miiba usiku na kuwatoa wenzake kwenda kunywa maji. Polisi walipokuja wanaume walikuwa wamelala porini, wanawake hawakujua lolote, na mwizi asiyejulikana akaandikwa kuwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Jioni Juliana aliuosha mchi, akamaliza kutwanga kisamvu alichokiacha asubuhi. Walikila.

Usiku wala mchana Pantaleo hakuwahi kulizungumza jambo hilo mpaka Juliana alipompigia simu kutoka chuoni. Alimsikiliza, akasema amlete huyo kijana. Akishasamehewa atatulia, ataoa, mambo yataisha. Mavi ya kale hayanuki, alisema, ila ukiyachokonoa. Juliana alijua hilo ni jambo baya. Alijua pia kwamba kesi ya mauaji haizeeki, na kwamba jina la kwanza litakalotajwa ni la kamanda, baba wa watoto wake watatu. Akamwambia Nestory amempata mwenye ng'ombe.

Walikwenda likizo fupi ya katikati ya muhula. Nestory alishuka Segese akaenda mnadani kwanza, akanunua mbuzi jike mweupe, kwa fedha aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya mahari. Alimvuta kwa kamba mpaka Bunyagole, mwendo wa saa nzima, akimbembeleza kila alipogoma. Njiani alimwuliza Juliana Mzee Nkwabi ni mtu wa namna gani, kama ni mkali, kama inafaa apige magoti au ainame tu. Juliana akamwambia apige magoti. Hata yeye hakujua kwa nini alisema hivyo.

Mzee Nkwabi alikuwa amezeeka vibaya, jicho moja limefunikwa na ukungu. Aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, Pantaleo ameketi kando yake, na wazee wengine wawili waliokuja kama wapita njia. Nestory akapiga magoti mchangani na shati lake zuri.

"Shikamoo babu," alisema. "Mimi ni mtoto wa Mwigulu, yule aliyekuja kukuibia. Nimekuja kumwombea radhi. Nimechelewa, nilikuwa mdogo."

Mzee hakujibu marahaba. Alimgeukia Pantaleo kwa lile jicho zima, na Pantaleo akaitikia kwa kichwa taratibu, kumwonyesha aendelee. Juliana alikuwa amesimama karibu na ghala ya mahindi, akajikuta anaomba mzee akatae. Amfukuze tu, amtukane, chochote, lakini asipokee.

"Nimekusamehe, ng'wanawane, mwanangu," Mzee Nkwabi akasema. "Na yeye nimemsamehe."

Akatia mate kiganjani, akampaka kijana kwenye paji la uso, baraka ya mtu mzima. Mbuzi akafungwa pamoja na mbuzi wengine. Nestory alilia kwa mara ya kwanza, akacheka huku akilia, akamshika mzee miguu. Wale wazee wawili wakainuka wakasema jua kali, wanakwenda zao. Hakuna aliyemwonyesha kaburi na yeye hakuuliza, kwa kuwa hakudhani mtu kama baba yake alichimbiwa kaburi. Juliana akaingia ndani kuwapikia wageni, na mumewe akaja jikoni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba limekwisha, sasa amshukuru Mungu.

Siku mbili baadaye walikuwa stendi ya Kahama wakisubiri basi la Shinyanga. Nestory hakunyamaza tangu Segese. Alikwisha kumpigia Asteria, alikwisha kumpigia mama yake, na mama alisema heri, angalau sasa anaweza kupita mbele ya watu. Alikuwa na mpango wa kuandika kazi yao upya: kundi la Wamarekani lilikuwa baya, kundi la Bunyagole lilikuwa la haki, na tofauti iko kwenye msamaha. Alimwuliza Juliana kama hoja hiyo ina nguvu. Alikuwa anakula muhindi wa kuchoma.

"Ng'ombe hawakuibwa," Juliana akasema.

Nestory akatabasamu, akidhani ni mfano wa darasani. Juliana akamweleza lambo, na dume, na saa sita mchana. Akamweleza mwano na mtu aliyetangulia mbele yao.

"Nani kakuambia haya?"

"Nilikuwepo. Alisema anaitika mwano, nikamsikia."

"Halafu?"

"Halafu nikampiga. Mara moja."

Nestory aliutazama ule muhindi, akauweka chini polepole kwenye benchi. Abiria walikuwa wakiitwa, makondakta wakigombania mizigo, na yeye alikaa hivyo mpaka basi lao likaja likaondoka bila wao. Juliana alingoja apigwe. Angefurahi kupigwa. Hatimaye kijana akasema, "Na mbuzi wamempokea."

Hakutaja polisi. Juliana ndiye aliyetaja, na Nestory akasema polisi hawamrudishii mtu jina. Alitaka jambo jingine. Mama yake hajawahi kumlilia mumewe hata chozi moja mbele ya watu, kwa miaka kumi na minne. Yeye Nestory akimwambia, mama atasema mtoto anamtetea baba yake. Anahitaji kusikia kwa mtu wa Bunyagole aliyekuwepo, na mtu huyo aseme mbele ya watu, si pembeni stendi ambako kesho anaweza kukana. Aseme darasani, siku ya kuwasilisha. Yeye atampigia mama simu, ataiweka mezani, mama asikilize.

"Nitasema," Juliana akamwambia. Alimaanisha. Alipanda basi lililofuata akiwa mwepesi, mtu ambaye hajalala vizuri tangu mtoto wake wa kwanza anyonye, na usiku huo alilala mpaka kengele ya kanisa.

Aliandika kwa wiki tatu. Hakuficha kitu. Aliandika mchi, aliandika mtoto mgongoni, aliandika jina la Mwigulu na la Mageni na la Nkwabi, na la mumewe akaliandika mara moja, kwa mkono mzito. Pantaleo alipiga simu mara mbili kuuliza kazi ya chuo inaendaje. Mara ya pili alimpa Edson simu. Edson alikuwa kidato cha pili sasa, sauti imeshavunjika, akasema shuleni wanataka jina la mzazi atakayekuja kikao, wamwandike nani. Juliana akamwambia amwandike baba.

Wiki ya kumi na mbili, Alhamisi, darasa lilijaa. Nestory alisoma utangulizi kwa Kiingereza, kuhusu mjane na kamba yake, kwa dakika tano, bila kumtazama mtu. Kisha akatoa simu, akaongea kidogo kwa sauti ya chini, akaiweka juu ya meza ya mbele kioo kikitazama juu. Juliana akasimama na karatasi zake, akasoma kwa Kiswahili.

Alisoma vizuri. Miaka kumi na sita ya kuwasomea watoto ilimsaidia, sauti haikukatika. Alipofika pale Mwigulu aliposimama kuwangoja akidhani wanafika kuungana naye, kitu kilisikika kutoka kwenye simu, kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Alipofika kwenye maneno ya kuitika mwano kilikuwa kilio kamili cha mwanamke, kilio cha msibani, kinatoka kwenye kile kisimu na kuingia katika safu mbili za mbele. Nestory alifumba macho. Juliana aliendelea mpaka mchi, mpaka bega, mpaka kisamvu. Akamaliza, akaweka karatasi chini.

Mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote. Msichana wa nyuma alikuwa anajifuta machozi. Kijana mmoja akasema Madam ni mwandishi, tena wa hatari, hata simu ya kulia ameipanga. Juliana alisimama katikati ya makofi hayo, hajui aweke wapi mikono.

Dk. Bhoke hakupiga makofi. Alingoja makofi yaishe. Alikuwa amekunja uso, na alipozungumza alizungumza Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya darasani.

"Juliana, naomba unijibu kabla sijaipa alama. Kama haya ni kweli, mtu ameuawa na wewe umetaja waliomuua, nami siwezi kuifungia karatasi hii kabatini nikanyamaza. Kama umetunga, umetunga vizuri sana. Ni lipi?"

Ilikuwa nafasi ileile ya kwenye mashamba ya pamba, tena imeletwa na mtu mwenye huruma, mchana kweupe, watu wamekaa kimya wanamsikiliza yeye peke yake. Nestory alifumbua macho akamtazama. Hakuwa na sura ya kudai, alikuwa anamtazama kwa namna ya mtu anayemngoja mwenzake amalizie kazi waliyoianza pamoja. Juliana akafungua mdomo. Akamwona Pantaleo ametiwa pingu mbele ya ofisi ya kijiji, akajiona yeye mwenyewe, akamwona Edson kidato cha pili akiitwa mtoto wa wauaji mpaka aache kugeuka. Akatazama darasa. Vijana arobaini na wawili walikuwa wakimtazama kwa upendo.

"Nimetunga, Daktari," alisema.

Dk. Bhoke akasema anashukuru kusikia hivyo, akaanza kuwaeleza wanafunzi ni kwa jinsi gani ubunifu mzuri unaweza kumfanya msomaji asahau kwamba anadanganywa. Kule mezani kilio kilikuwa kimekatika. Sauti nyembamba ya mwanamke ikauliza jambo, mara moja, ikarudia tena.

Nestory akainuka akaichukua simu, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, mama," alisema. "Umesikia vizuri. Ni hadithi ya chuo." Akasikiliza kidogo. "Hapana, usilie tena. Futa machozi, watu wasikukute hivyo."

Akakata simu, akarudi kitini kwake, na Dk. Bhoke akawaita wawili waliofuata.